Ufa wa Nyanya Sidi

Kila jioni, kengele ya shule ikishalia, Linet hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara kuu pale Kona ya Musa, akawapita wauza mitumba na wauza machungwa, akaingia katika studio ya picha ya mjomba wake. Aliweka mkoba chini ya kaunta, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta. Mjomba Onesmus aliiheshimu kompyuta ile kuliko alivyowaheshimu wateja wake wengi. Mtu mwenye mikono michafu hakuruhusiwa hata kuielekezea kidole.

Mwaka ulikuwa 1998, na Ukunda nzima ilikuwa imenuna. Vurugu za mwaka uliotangulia zilikuwa zimewafukuza watalii, kisha mvua za El Nino zikaja kumalizia kazi. Hoteli za Diani zilibaki na vitanda vingi na wageni wa kuhesabika. Damaris, mamake Linet, aliyekuwa akifua mashuka katika mojawapo ya hoteli hizo, aliambiwa aende nyumbani angoje kuitwa. Mwezi wa tano wa kungoja ulikuwa unakatika, na hakuna aliyemwita.

Studio nayo ilikuwa na kazi moja tu ya maana. Hoteli moja iliyokuwa bado wazi ilitaka picha kubwa ya mtaa wa kale wa pwani, ya kutundikwa katika ukumbi wa kulia. Mjomba Onesmus aliichora kwenye kompyuta kwa wiki tatu, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha. Alipomaliza alimwita Linet.

"Hebu tazama. Ina kasoro gani?"

Linet alikuwa darasa la saba, na hakuna alichokipenda kama kuchora. Alitazama kwa muda. "Mimi naiona nzuri, Mjomba."

"Ni nzuri kupita kiasi! Nyumba za miaka mia mbili, na kuta zinang'aa kama zimepakwa rangi jana. Humu haijawahi kunyesha mvua. Hakuna mtoto aliyewahi kupangusa mikono yenye samli kwenye ukuta huu. Nani ataamini?"

Dawa yake, alieleza, ilikuwa picha za kamera. Unapiga picha ukuta mkuukuu wa kweli, bati lenye kutu, ubao ulioliwa na chumvi. Unaisafisha picha, unaipitisha kwenye skana, inaingia katika kompyuta. Halafu unailaza juu ya mchoro wako kama tabaka la plastiki jembamba. Unaiambia programu iache yale meusi na kuyafuta yale meupe. Hapo ukuta uliochorwa jana unapata nyufa, ukungu na madoa ya miaka mingi.

"Lakini sikiliza kanuni," Mjomba alisema. "Picha ya uchakavu hupigwa uso kwa uso na ukuta. Usionyeshe mlango, usionyeshe paa, usionyeshe mtu. Ijaze picha kwa ufa peke yake. Na ukishaulaza kwenye mchoro, ugeuze wa kushoto uwe wa kulia, ufute na kingo zake, asije mtu akajua umeutoa wapi."

Linet alilishika somo hilo upesi kuliko hesabu za shule. Baada ya wiki mbili alikuwa akiweza kulizeesha dirisha hata Mjomba mwenyewe akaguna kwa kuridhika. Ndipo alipokabidhiwa kamera.

Mtu aliyewasaidia kupata kuta nzuri, yaani mbovu, alikuwa Nyanya Sidi. Mama huyu wa makamo ya juu alitoka Mkongani kila Alhamisi kuja kuuza muhogo, na alikaa kivulini mlangoni pa studio. Alipowasikia wakilalamika kwamba kuta za Ukunda zimekwisha, alicheka.

"Mnatafuta kuta zilizochoka? Njooni kwangu. Za kwangu hazina mpinzani."

Walikwenda Jumamosi kwa pikipiki ya Mjomba, kwa kuwa mvua ilikuwa imechukua daraja na magari hayakuweza kufika. Nyanya Sidi hakuwa ametia chumvi. Aliishi peke yake katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Paa lilivuja juu ya ukuta wa mbele, maji yakaulainisha, na ufa ukashuka kutoka juu hadi chini, mpana wa kupitisha mkono. Kando ya ufa huo nyigu walikuwa wamejenga kiota chao cha udongo.

Linet alipiga picha kutu, akapiga ukungu, akapiga mlango ulioliwa na mchwa. Nyanya Sidi alimfuata nyuma nyuma, kisha akasema kwa haya:

"Mjukuu wangu, nina ombi. Kuna wale watu wa misaada wanaotoa mabati na nguzo kwa waliovunjikiwa nyumba. Wanataka fomu na picha. Fomu nimejaziwa na mwalimu. Waweza kunipigia picha?"

"Bila shaka, Nyanya."

Katika kamera ilikuwa imebaki picha moja tu. Linet alisimama uso kwa uso na ukuta, akaijaza picha kwa ufa na kile kiota kando yake, akabonyeza. Mlango haukuonekana, wala paa, wala Nyanya Sidi. Alipiga kama alivyofundishwa, na hakufikiri kwamba picha hii ilikuwa na kazi nyingine.

Wiki ile picha zilisafishwa. Nyanya Sidi alipewa yake, akaandika jina lake nyuma kwa shida, akaipeleka kwa kamati pale Ukunda akiwa na furaha. Kamati ilikuwa na watu wanne, na maombi yalikuwa zaidi ya mia sita. Hawangeweza kutembelea kila nyumba, kwa hiyo waliamini picha.

Nyumbani kwa kina Linet nako paa lilivuja. Mvua ikinyesha waliweka sufuria mbili na beseni moja, na Damaris alilala kwenye kona iliyo kavu akikohoa. Hata hivyo kamati ilisaidia wenye kuta zilizopasuka tu, na nyumba yao ndogo ya matofali ilikuwa na kuta nzima. Damaris alijaza fomu vivyo hivyo, akaandika ukweli: paa linavuja. Akamwachia Linet aipeleke.

"Hatutapata," alisema, "lakini kuomba si dhambi."

Maneno hayo yalimchoma Linet. Masika yalikuwa karibu, na kifua cha mamake kilikuwa kikizidi kubana. Jioni moja Mjomba alitoka kwenda hotelini, akamwachia studio. Linet alichukua picha ya Krismasi, Damaris akiwa amesimama mlangoni kwao kwa gauni la buluu, akaiingiza katika kompyuta. Kisha akatafuta ufa. Alikuwa na nyufa saba, na ule wa Nyanya Sidi ulizishinda zote.

Aliulaza ukutani pembeni mwa mamake. Akafuta meupe, akaacha meusi. Akaugeuza wa kushoto ukawa wa kulia, akafuta kingo, akaongeza ukungu kidogo chini ya dirisha. Kazi ilikuwa safi mno hata moyo wake ukapiga kwa fahari. Aliichapisha, akaongeza mstari mmoja kwenye fomu, "Ukuta wa mbele umepasuka," akiiga mwandiko wa mamake. Halafu akapeleka bahasha. Hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba mabati ni mengi na hakuna atakayeumia.

Orodha ilibandikwa Jumatano nje ya ofisi ya kamati. Jina la Damaris lilikuwepo: mabati kumi na mawili, nguzo sita. Damaris alilisoma mara mbili, akapiga magoti palepale kwenye matope akamshukuru Mungu. Linet alitabasamu. Alilitafuta jina la Nyanya Sidi juu hadi chini, akalikuta limepigwa mstari. Kando yake iliandikwa: "Picha si ya nyumba yake."

Kesho yake, Alhamisi, Nyanya Sidi alifika studio bila muhogo. Alikaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mjomba alikuwa ndani ya chumba cha giza akisafisha picha, na Linet alikuwa peke yake kaunta.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu." Aliipangusa midomo yake kwa ncha ya leso. "Nimetoka kwa yule karani wa kamati, Bwana Mwinga. Amenionyesha picha mbili. Moja yangu. Nyingine ya mwanamke amesimama mlangoni kwake, uso nimeuona kidogo tu. Ufa ni ule ule, ila mmoja umegeukia huku na mwingine kule. Na kiota cha nyigu ni kile kile! Anasema studio ikigeuza ile filamu wakati wa kusafisha, picha hutoka kinyume. Anasema mimi nimechukua picha ya nyumba ya mwenzangu nikajifanya ni yangu, kwa sababu ya yule inaonyesha nyumba na mwenyewe, na yangu haionyeshi kitu."

Linet aliishika kaunta kwa mikono miwili.

"Mimi, na mvi hizi, nimeitwa mwongo mbele ya foleni ya watu," Nyanya Sidi aliendelea, na sauti ikamkatika. "Mkongani wamekwisha kusikia. Lakini wewe ndiwe uliyepiga. Ulisimama pale pale ukaugusa ukuta kwa mkono wako. Twende ukamwambie Bwana Mwinga. Wewe mtoto wa shule atakusikiliza. Masika haya hapa, mwanangu, na ukuta ule haungoji."

Neno moja tu lilihitajika. Linet alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

"Nyanya, leo... kesho nina mtihani. Nitakwenda siku nyingine."

Nyanya Sidi alimtazama usoni. "Haya," alisema, akainuka, akaenda zake.

Hakukuwa na mtihani wowote. Linet aliketi mbele ya kompyuta mpaka macho yakamwasha, na hakuchora hata mstari. Ijumaa alipita mbele ya ofisi ya kamati mara mbili, na mara zote mbili miguu ilimpitisha moja kwa moja. Alikuwa akiogopa. Aliogopa kumwona mamake akiondolewa kwenye orodha, aliogopa kuitwa tapeli, na zaidi ya yote aliogopa uso wa Nyanya Sidi.

Jumamosi mchana mbingu ilifunga upande wa bara, na mvua ikaanza kumwagika. Damaris alipanga sufuria mbili na beseni chini ya matone, akakaa kitandani na kujitanda kanga.

"Tuvumilie tu," alisema. "Wiki ijayo tuna mabati. Mungu ametuona. Sijui yule Nyanya wa muhogo anafanyaje leo, na ule ukuta mliousimulia."

Linet aliangua kilio. Alilia kwa sauti kama mtoto mdogo, na katikati ya kilio akasema yote: picha ya Krismasi, ufa, mstari aliouongeza kwenye fomu, mtihani ambao haukuwepo. Damaris alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mamake hakumpiga wala hakumkemea. Alivaa viatu, akachukua mwavuli uliovunjika mbavu, akasema neno moja tu:

"Twende."

Walimkuta Mjomba Onesmus akifunga studio. Aliposikia habari alifungua tena, akawasha kompyuta. Linet alifungua faili. Kwenye kioo cha kompyuta alitokea Damaris kwa gauni lake la buluu, kando yake ukuta uliopasuka toka juu hadi chini. Damaris aliutazama ukuta wake mwenyewe kwa hofu. Linet alibonyeza mara moja, akalizima tabaka la ufa, na ukuta ukawa mzima.

"Wetu umepona," Damaris alisema kwa sauti ndogo. "Na wa mwenzetu?"

Mjomba alikuwa amejishika kichwa. "Na mimi nina kosa," alisema. "Nilikufundisha kuficha ulikoutoa ufa, sikukufundisha lini usifanye hivyo. Picha ya hotelini kila mtu anajua ni mchoro, hata ukiizeesha vipi humdanganyi mtu. Lakini hii umempa mtu aitumie kuamua haki. Hapo umeacha kuchora, Linet. Umeghushi."

Alichapisha picha mbili, moja yenye ufa na moja isiyo nao, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Wakatembea watatu katika mvua hadi nyumbani kwa Bwana Mwinga. Mzee huyo alizitazama picha chini ya taa, akamtazama Linet, akavua miwani.

"Shikamoo, mzee," Linet alisema. "Ufa ni wa Nyanya Sidi. Picha ya nyumba yake niliipiga mimi. Picha ya kwetu ndiyo ya uwongo. Mama hakujua."

Bwana Mwinga alisema kwa uchungu, "Nami nilimfukuza yule mama mbele ya watu. Niliiamini ya uwongo kwa sababu ilikuwa nzuri." Alichukua kalamu, akamfuta Damaris, akamrudisha Sidi. Aliahidi kwamba mabati yatapelekwa mara tu njia itakapopitika, hata ikibidi kubebwa vichwani, na kwamba kuanzia sasa kamati itazikagua nyumba kwa miguu.

Lakini mvua haikungoja kamati. Ilinyesha usiku kucha, ikaamkia Jumapili. Jumapili asubuhi, Nyanya Sidi alipokuwa akitoa kuku wake ndani, ukuta wa mbele ulianguka. Majirani walimfukua kutoka chini ya udongo, wakamvusha mto kwa machela ya miti, wakamfikisha hospitali ya Msambweni. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Mabati yalifika Mkongani Jumanne. Vijana waliyabeba kuvuka mto, Mjomba Onesmus akiwa mmoja wao, na wanakijiji wakasimamisha nguzo na kuanza kukandika ukuta mpya. Bwana Mwinga alikwenda mwenyewe akaomba radhi mbele ya wazee, akaeleza kwamba Nyanya Sidi hakuwa mwongo. Kila lililoweza kurekebishwa lilirekebishwa. Kwa kina Linet sufuria zilibaki pale pale sakafuni.

Jumatano Damaris alimpeleka Linet Msambweni. Nyanya Sidi alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, mkono wake umefungwa plasta nzito. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa mlangoni pa studio. Linet alipiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba."

Linet alisema yote tena, bila kujificha popote. Nyanya Sidi alitazama dari. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamenyamaza kusikiliza, na Linet hakujali.

"Bwana Mwinga amenieleza," Nyanya Sidi alisema hatimaye. "Kuna jambo moja tu nataka kulisikia kwako. Alhamisi ile nilipokuja kukuomba tuende, ulikuwa unajua?"

Linet alitamani kusema hapana. "Nilikuwa najua, Nyanya."

Nyanya Sidi alifumba macho, na chozi likamtiririka hadi kwenye mto. 

"Basi nisikilize, na ulishike hili mpaka uwe mtu mzima," Nyanya Sidi alisema. "Siku ulipoweka ufa wangu kwenye nyumba yenu ulikuwa unamwonea mamako huruma, na hukunifikiria. Hilo ni kosa la mtoto, ningelicheka. Lakini Alhamisi ulinitazama usoni. Kati ya Alhamisi na Jumamosi kulikuwa na jua, njia ilikuwa kavu, vijana wangeweza kuyabeba mabati. Uwongo haukuuangusha ukuta wangu, Linet. Kilichouangusha ni kuchelewa kwako kusema kweli. Kosa likikupata, liseme siku ile ile, hata kama meno yanagongana kwa hofu."

"Nimesikia, Nyanya. Nisamehe."

Muuguzi alikuwa ameacha kikombe cha uji juu ya kabati, na uji ulikuwa umeanza kushika utando. Nyanya Sidi aliuelekezea kidevu.

"Mkono wa kulia ndio ninaolia chakula, na huu wa kushoto haujui kitu," alisema. "Ninyweshe."

Linet aliinuka, akanawa mikono kwenye bomba la ukumbini, akarudi. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, na akamnywesha polepole mpaka uji ukaisha.